Mbawakawa wa Maua Yako Amelelewa kwenye Samadi Yako

Hotuba kwa watunza bustani na wauza miche, Dar es Salaam

Mama zangu, baba zangu, shikamooni. Na ninyi vijana wa vitalu mlioacha miche kando ya barabara mkaja kukaa hapa, habari za asubuhi. Kabla hatujagusa habari ya dawa, naomba kwanza tumjue mtuhumiwa. Swali linaloletwa kila mvua zikianza ni lile lile: "Mbawakawa wanakula lili zangu, nipulize nini?" Mara nyingi anayeuliza hana lili, na mara nyingi mdudu wake si mbawakawa. Dawa ikinunuliwa juu ya makosa mawili namna hiyo, kinachobaki ni hasara na nyuki waliokufa.

Tuanze na ua lenyewe. Kwa mazoea ya mji huu, lili ni kila mmea wenye tunguu ardhini na ua kubwa juu. Kuna krinumu, lenye majani marefu kama mikanda na maua meupe yenye michirizi ya waridi. Kuna hipeastramu, ambalo vitalu vingi huliita amarili. Kuna lile jeupe lenye petali nyembamba kama miguu ya buibui, linalopandwa sana chini ya kuta za nyumba. Na kuna nyinyoro, linalotoa mpira mwekundu ardhi ikishapata mvua ya kwanza, wakati mwingine hata majani hayajatokeza. Hayo manne ni ndugu, wa ukoo mmoja wa matunguu yenye sumu. Yungiyungi la kwenye bwawa ni ukoo mwingine kabisa. Lili yenyewe, ile ambayo wataalamu wanaiita Lilium, inayouzwa kwa shina kwa ajili ya harusi na misiba, ni mmea wa nchi za baridi. Tunguu lake linahitaji kipindi cha baridi ili lichipue vizuri mwaka unaofuata, na joto la Dar halilipi baridi hiyo.

Sasa mtu akifungua simu na kutafuta habari za mbawakawa wa lili, anayeletewa ni mdudu wa Ulaya, Lilioceris lilii. Ana urefu wa milimita 6 hadi 9, mwekundu kama pilipili iliyoiva, kichwa na miguu myeusi. Ukimbana kwenye vidole analia, kisauti chembamba cha mgongo kusuguliwa na mbawa. Ukitikisa jani anajiachia na kuanguka chali, na kwa kuwa tumbo lake ni jeusi, akifika kwenye udongo humwoni tena. Watoto wake hujipaka kinyesi chao wenyewe mwili mzima, wakaonekana kama matope yanayotembea, na ndege hawawagusi. Alionekana Montreal, Kanada, mwaka 1943, na Massachusetts, Marekani, mwaka 1992, na wenye bustani wa huko wamehangaika naye tangu hapo. Anakula Lilium na jamaa zake wa karibu. Krinumu na amarili zetu si chakula chake.

Ndiyo maana ratiba za huko hazitufai. Wanaambiwa waanze kukagua majani mwezi Aprili, udongo unapoanza kupata joto na mbawakawa waliolala ardhini majira yote ya baridi wanapopanda juu. Aprili ya kwao theluji imeyeyuka. Aprili ya kwetu Jangwani pamefurika. Lakini ipo mbinu moja ya huko ambayo inafaa kuazimwa. Kwa sababu mdudu yule hujiangusha, wenzetu hawamfuati kwa mkono kutoka juu. Kwanza wanaweka kopo la maji ya sabuni chini ya jani, ndipo wanaligusa jani, na mdudu anajitumbukiza mwenyewe. Mbawakawa wetu wengi nao wana tabia hiyo hiyo ya kujiangusha, kwa hiyo kopo kwanza, mkono baadaye.

Jambo jingine kuhusu mdudu huyo, kisha tumwache. Anaweza kusafiri akiwa bundo, yaani amejifungia akigeuka kutoka funza kuwa mdudu kamili, ndani ya udongo wa chungu. Anayetaka kuleta matunguu au miche kutoka nje afuate kibali cha kuingiza mimea na cheti cha afya ya mimea kupitia Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Tunguu lililofungwa kwenye soksi ndani ya begi la safari ndilo linaloleta balaa.

Basi lili zetu za Dar zinaliwa na nani? Kwa krinumu na amarili, mtuhumiwa wa kwanza ni kiwavi, mtoto wa nondo anayeitwa Brithys crini. Namkalia kidogo, kwa kuwa ndiye anayesingiziwa umbawakawa, na anayemsingizia hununua dawa isiyomfaa.

Matunguu ya ukoo huu yana sumu inayoitwa laikorini. Mtu akila tunguu la krinumu atatapika, na mbuzi mwenye akili hulipita. Wadudu wengi hulikwepa jani hilo. Kiwavi huyu sumu haimdhuru. Nondo jike hutaga mayai kwa mafungu, kwa kawaida upande wa chini wa jani. Vitoto vikianguliwa havili juu ya jani kama viwavi vya kabichi. Vinapenya katikati, kati ya ngozi ya juu na ngozi ya chini, vinakula nyama ya jani na kuacha ngozi mbili tupu. Shika jani lililoanza kufifia, liinue dhidi ya jua: utaona dirisha la rangi ya maziwa, na ndani yake vivuli vyeusi vinasogea. Hapo bado una muda. Wakikua wanatoka nje, weusi wenye mabaka meupe yanayokaribia manjano, wanashuka kwenye shingo ya mmea na kuingia kwenye tunguu. Dalili ya mwisho ni majani kulala chini kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na harufu ya kuoza.

Tiba yake ni kisu. Likiwa bado ni dirisha, kata jani zima sentimita tano chini ya sehemu iliyofifia, litie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, uuache juani siku nzima. Usilitupe kwenye shimo la mboji, maana kiwavi aliyekaribia kukomaa atamalizia safari yake huko na kugeuka bundo. Wakiwa wamefika shingoni, ng'oa tunguu, menya magamba yaliyooza mpaka ufike kwenye nyama nyeupe ngumu, lianike kivulini siku mbili, kisha ulipande sehemu nyingine, shingo ikiwa juu ya udongo. Ipo dawa ya bakteria, Bt, inayouzwa kwa ajili ya viwavi vya mboga, nayo inamuua huyu akiwa mchanga na akila sehemu uliyopuliza. Akishajificha ndani ya jani haimfikii. Na mbawakawa haiwagusi kabisa. Bt ya viwavi ni ya viwavi. Mtu aliyepuliza Bt kwa ajili ya mbawakawa ameosha majani tu.

Sasa tuje kwa mbawakawa wenyewe.

Ukitoka asubuhi ukakuta majani ya mawaridi, ya mizabibu au ya miche michanga yametobolewa matundu yasiyo na mpangilio, na hakuna mdudu anayeonekana, aliyekula ni mbawakawa wa usiku. Ni wa kahawia, wa sentimita moja hivi, mchana amejifukia kwenye udongo laini au chini ya matandazo. Hupanda giza likishaingia, na saa yake nzuri ya kukamatwa ni kati ya saa 1 na saa 3 usiku, hasa siku chache baada ya mvua za kwanza za vuli na tena za masika. Toka na tochi na kopo lako la sabuni. Nusu saa kwa jioni nne au tano mfululizo itapunguza wengi kuliko chupa nzima ya sumu iliyopulizwa saa 4 asubuhi, wakati mdudu amelala ardhini.

Hapo hapo angalia taa yako. Mbawakawa hawa hufuata mwanga, hasa ule mweupe mkali. Taa ya ukutani inayomulika tuta la maua inawaita kutoka mtaa mzima. Weka balbu ya manjano, au izime hadi saa 3 katika wiki zile za mvua za mwanzo. Ukitaka kuigeuza taa kuwa mtego, ning'iniza balbu nyeupe nusu mita juu ya beseni la maji yenye sabuni, na iwe mbali na maua, upande wa pili wa uwanja. Mtego ukiwa katikati ya maua, nusu ya walioitwa wataishia mezani kwako.

Wa mchana ni aina mbili, na msiwachanganye. Wa kwanza ni mbawakawa mpana, mgongo unang'aa, mara nyingi ana manjano na kahawia, anaruka kwa kishindo kama helikopta na kutua ndani ya ua. Anatafuna petali na chavua, na pia hukutwa kwenye embe lililopasuka. Wa pili ni mwembamba, laini, mweusi mwenye mikanda ya manjano au myekundu. Huyu hukaa kwenye maua ya mkunde na ya haibiskasi na anakula petali hadi zinabaki nyuzi. Msimshike kwa mkono mtupu! Mwilini ana kantharidini, na akibanwa hutoa majimaji yanayoivimbisha ngozi malengelenge kama ya kuungua. Valia glavu, au tumia fimbo na kopo. Watoto wa kuokota wadudu wasipewe kazi hii. Kwa haki yake, tuseme pia kwamba huyu wa mikanda watoto wake hula mayai ya panzi ardhini, kwa hiyo akiwa mmoja wawili kwenye bustani, mimi ningemwacha.

Na kwa wenye mnazi au mitende ya mapambo kando ya maua, yupo chonga. Mweusi, mzito, anakaribia urefu wa kidole gumba, ana pembe puani kama kifaru. Huyu anaruka usiku, anatoboa chini ya kuti ambalo halijafunguka na kunywa utomvu wa nyama changa. Kuti likifunguka baadaye linakuwa limekatwa kama kwa mkasi, umbo la V. Mnazi mkubwa unavumilia. Mche wa miaka miwili ukitobolewa kwenye moyo, umekwisha.

Kumtoa kunahitaji waya mgumu wa milimita 2 hadi 3, urefu wa nusu mita, ncha imekunjwa kama ndoana ndogo. Tafuta tundu kwenye maungio ya makuti. Nyuzi zilizotafunwa zilizojaa mdomoni mwa tundu zikiwa mbichi na nyeupe, mwenyewe yumo. Zikiwa kavu za kahawia, ameshahama. Ingiza waya taratibu kufuata njia aliyochimba, usisukume kwenda katikati ya moyo wa mnazi, maana hapo utamaliza kazi aliyoianza yeye. Utasikia waya umegonga kitu kigumu. Zungusha nusu duara, vuta. Akitoka, jaza tundu mchanga mkavu. Kuzuia asirudi, tupia mchanga kwenye kwapa za makuti matatu ya ndani, au zungushia kwa ulegevu kipande cha wavu mkuukuu wa wavuvi. Pembe na miiba ya miguu yake hunasa humo, na asubuhi unamwokota. Kagua wavu kila mwezi, kuti jipya lisije likanyongwa. Wengine hutia vidonge vya naftalini, vile vyeupe vya kabatini, kwenye kwapa hizo. Harufu inamfukuza kweli, ila vinayeyuka haraka kwa joto letu na si vya kuweka mahali penye watoto wadogo.

Hawa watatu, wa usiku, yule mpana wa petali, na chonga, wana jambo moja la pamoja, na ndilo lililonileta mbele yenu. Utoto wao wanaupitisha kwenye vitu vinavyooza au kwenye udongo uliolishwa vitu vinavyooza. Mbawakawa anayekula ua wiki hii alikuwa funza kwa miezi kadhaa, kwenye kiroba cha samadi nyuma ya banda, kwenye rundo la maranda, kwenye gogo la mnazi mlilozungushia tuta likapendeza. Ua analigusa siku chache. Samadi ameikalia miezi. Anayepigana naye juu ya ua anapigana na mgeni aliyekwisha kula na anajiandaa kutaga.

Samadi nyingi ya mji huu inaletwa kwa viroba kutoka kwenye mazizi ya pembezoni, Pugu, Kigamboni na kwingineko. Ikiwa imeoza nusu na ina unyevu, ndiyo aipendayo mama mbawakawa. Mayai yanaanguliwa baada ya wiki moja na nusu au mbili. Kiroba kikifika kwako, hao wako ndani tayari. Kinachofanyika sasa kwenye bustani nyingi ni kukimwaga moja kwa moja kwenye shimo la kupandia. Hapo umempanda mdudu pamoja na ua.

Mwage kiroba juu ya turubai, tawanya unene wa vidole vitatu, uache juani asubuhi moja. Funza wakubwa watajikunja juu na kuonekana: weupe, wanene, umbo la herufi C, kichwa cha kahawia, miguu sita mbele. Kama una kuku, kazi imekwisha nusu. Lakini mayai na funza wachanga hawaonekani, na chekeche la waya wa nusu inchi wanapita. Hao dawa yao ni joto.

Lundika samadi pamoja na majani makavu na majani mabichi mpaka rundo lifike mita moja kwenda juu, mita moja upana, mita moja urefu. Dogo kuliko hapo halipati moto. Linapoa kwa pembeni haraka kuliko linavyopata joto katikati. Maji yatiwe kiasi kwamba ukifinya konzi moja linatoka tone moja mawili, siyo mchirizi. Ndani ya siku tatu au nne joto la katikati linafika nyuzi 55 hadi 60. Hakuna haja ya kipimajoto: choma kipande cha nondo ya chuma katikati, kiache dakika 10, kichomoe. Kama huwezi kukishika kwa kiganja, rundo linafanya kazi. Kama ni uvuguvugu, ama limekauka ama limekosa majani mabichi.

Hapa ndipo watu wanapokosea, na wanakosea kwa sababu moja inayoeleweka. Wanalundika, wanaona moshi asubuhi, wanaridhika. Lakini funza si mjinga. Katikati kukiwaka, anatambaa hadi kwenye ganda la nje, sentimita 15 au 20 za pembeni ambazo hazipati moto, na kukaa huko akisubiri. Ndiyo maana rundo lazima ligeuzwe, la nje liwe la ndani. Siku ya tano geuza mara ya kwanza, kisha kila wiki, jumla mara nne. Asiyegeuza amewapika funza wa katikati na kuwatunza wa pembeni.

Mwenye samadi ya debe mbili tatu tu hawezi kujenga rundo la mita moja. Yeye atumie jua. Lowesha samadi, itandaze unene wa sentimita 10 kwenye sakafu ya saruji au turubai, ifunike kwa nailoni angavu iliyobana ardhini pande zote kwa mawe. Januari na Februari, jua la Dar likiwa kali na mvua haba, wiki nne hadi sita zinatosha. Nailoni nyeusi haifai sana kwa kazi hii. Inajipasha yenyewe badala ya kupitisha jua hadi kwenye samadi.

Mboji ikishaiva usiiache wazi. Ikishika mvua za vuli ikiwa haijafunikwa, itatagiwa upya usiku mmoja. Ifunike na wavu wenye matundu madogo au turubai kabla ya magharibi. Na magogo ya mnazi: mnazi uliokufa umesimama, au uliokatwa ukaachwa, ukianza kuoza unakuwa nyumba ya uzazi ya chonga. Upasue utumike kama mbao au kuni mapema. Magogo ya kuzungushia bustani yabadilisheni kwa mawe ya matumbawe au matofali.

Sitaki mtoke hapa mkiua kila funza mtakayemwona. Yupo mwenye faida. Watoto wa yule mbawakawa wa petali hukaa kwenye mboji wakila vilivyooza, na kinyesi chao ni mbolea nzuri. Wa mizizi ndio wabaya: kwenye chungu cha lili hata wawili watatu wanatosha kukata mizizi yote laini. Utajua kwa kuushika mmea shingoni na kuuvuta kidogo. Wenye mizizi unakataa. Ulioliwa unakuja mkononi kama jino la mtoto. Ukitokea hivyo, mwaga chungu chote, osha tunguu, kausha kivulini siku moja au mbili, kisha panda kwenye mchanganyiko mpya: udongo wa juu sehemu mbili, mchanga sehemu moja, mboji iliyopita motoni sehemu moja. Matandazo yakae mbali na shingo ya tunguu, vidole vinne.

Dawa sasa, na sitakaa hapo sana.

Mwarobaini unafaa, kwa masharti. Kokwa zilizokaushwa kivulini, zilizomenywa, zisizo na ukungu, zitwangwe. Gramu 50 kwa kila lita ya maji, maana yake gramu 800 kwa bomba la lita 16. Funga kwenye kitambaa, loweka usiku mzima, chuja kwa kanga mara mbili ili pua ya bomba isizibe, tia kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa kila lita. Jaribu jani moja kwanza, kwa sababu majani yenye nta yanaweza kuungua. Puliza siku hiyo hiyo, jua likishazama, kwa kuwa mwanga wa jua huivunja. Rudia baada ya siku tano hadi saba. Na msitarajie kuona maiti. Mwarobaini unamkatisha mdudu hamu ya kula na kuvuruga ukuaji wake. Anayesubiri kuwafagia asubuhi atasema haifanyi kazi.

Pareto ya nyanda za juu za kusini inaua kwa kugusa na inaisha nguvu haraka juani. Ina faida hiyo, ila inaua nyuki pia, kwa hiyo jioni tu, na si kwenye ua lililofunguka. Dawa za kumwagia kwenye mizizi zinazopanda ndani ya mmea, kama imidaklopridi, mimi ningewakatazeni kwa mimea ya maua. Zinafika hadi kwenye chavua na nekta. Umoja wa Ulaya ulizuia matumizi yake nje ya mabanda mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki. Majivu yanasaidia hadi mvua ya kwanza. Mafuta machafu ya gari, ambayo bado wapo wanaomwaga kwenye tuta, yanaua mizizi na kuharibu udongo kwa miaka. Acheni.

Mezani hapa mbele kuna mabeseni matatu na kipande cha mbao laini. Beseni la kwanza na la pili lina funza kutoka kwenye samadi, nao kwa macho wanafanana kabisa. Njooni mmoja mmoja, mweke mmoja mmoja juu ya mbao, msubiri dakika moja. Yule atakayejilaza chali na kutambaa kwa mgongo, miguu inaelea juu, ni mtoto wa mbawakawa wa petali. Mrudishe kwenye beseni lake, atakwenda kwenye mboji. Yule atakayebaki amejikunja kwa ubavu, au akajaribu kutembea kwa miguu, huyo ni wa kuku. Beseni la tatu, lenye kifuniko, lina wale wa mikanda myekundu. Hilo mtalitazama tu, na glavu ziko upande wa kushoto kwa atakayetaka kusogea karibu.